Njiwa Alifungwa Jeraha, Meja Akapigiwa Makofi

Andiko la msingi: 1 Wafalme 19:1-18, Wagalatia 6:2

 

Leo nataka nikusimulie habari za njiwa mmoja, farasi mmoja na mtu mmoja. Wote watatu walitumika katika jeshi la Marekani, na wote watatu walijeruhiwa. Njiwa alitibiwa. Farasi alifunikwa. Mtu yule alipewa nishani, akapigiwa makofi, akaalikwa kila mahali kuhutubia, na jeraha lake hakuna aliyeliona. Yeye ndiye aliyepotea.

Ninaileta habari hii madhabahuni kwa sababu najua ninaongea na nani. Humu ndani tunao watu ambao wakiingia kila mtu anasema, "Afadhali umefika!" Wanaongoza sifa, wanapanga viti, wanapika kwenye mikutano, wanakesha na wagonjwa, wanalipia watoto wa ndugu zao karo. Ukiwauliza hali watajibu haraka, "Niko sawa, Mungu ni mwema." Wengine wao hawako sawa. Kaa na mimi hadi mwisho.

Waliozingirwa msituni

Ilikuwa mwaka wa 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikielekea kuisha. Wamarekani walikuwa Ufaransa wakipigana na Wajerumani katika msitu wa Argonne. Tarehe 2 Oktoba, askari wapatao 550 wa Divisheni ya 77 walisonga mbele kama walivyoamriwa. Vikosi vilivyopaswa kwenda nao bega kwa bega, kushoto na kulia, havikufika. Walipotazama nyuma, adui alikuwa amekwisha kuwazunguka. Wakabaki wamejibana kwenye mteremko wa bonde, juu yao Mjerumani, chini yao Mjerumani.

Divisheni hiyo ilikusanywa hasa kutoka jiji la New York, na wengi wao walikuwa wahamiaji na watoto wa wahamiaji. Kiongozi wao aliitwa Meja Charles Whittlesey. Usifikiri alikuwa jitu la vita. Alikuwa wakili, mtu mrefu, mwembamba, mwenye miwani. Ungemkuta mtaani ungedhani ni mwalimu wa hesabu. Lakini ndiye aliyekuwa na roho za watu wale mikononi mwake.

Walikaa pale siku tano. Chakula kiliisha. Maji yalikuwa kwenye kijito kule chini, na aliyeteremka kuchota alipigwa risasi. Bandeji zilipokwisha, walifungua za waliokufa wakawafunga walio hai. Ndege za Marekani zilijaribu kuwadondoshea chakula, lakini mizigo ikaangukia upande wa adui. Wanajeshi wawili wa ndege, Harold Goettler na Erwin Bleckley, walirudi mara ya pili siku hiyo hiyo, wakaruka chini kabisa ili wawaone wenzao vizuri, na wote wawili wakauawa.

Sasa, watu hawa wangepelekaje habari nyuma? Kila mjumbe aliyetumwa kwa miguu aliuawa, au alikamatwa, au alirudi ameshindwa. Walichobakiwa nacho ni kizimba cha njiwa. Njiwa wa aina hii akifugwa mahali, popote utakapomwachilia atarudi nyumbani kwake. Unaandika karatasi ndogo, unaikunja, unaitia kwenye kikopo kidogo kilichofungwa mguuni mwake, unamwachilia. Meja alituma wa kwanza, akatuma wa pili, na wengine wakafuata.

Tarehe 4 Oktoba likatokea jambo la kutisha kuliko yote. Makombora yalianza kuanguka katikati yao, na hayakutoka kwa Wajerumani. Yalitoka kwa mizinga ya Wamarekani wenzao, waliodhani wanampiga adui. Ndugu walikuwa wanawaua ndugu, na hawakujua.

Meja akaandika ujumbe mfupi. Alitaja mahali walipo, akasema mizinga yetu inatupiga sisi wenyewe, akasihi kwa ajili ya mbingu waache. Kizimbani alikuwa amebaki njiwa mmoja, jina lake Cher Ami, maana yake kwa Kifaransa ni rafiki mpendwa. Inasimuliwa kwamba alipoachiliwa alitua kwenye tawi la mti akakaa, hata ikabidi wamtupie mawe ndipo akaruka. Masimulizi yaliyopokewa na jeshi ni kwamba alifika kwake akiwa amepigwa risasi kifuani, mguu mmoja umevunjwa hata unaning'inia kwa nyuzi za nyama tu, na kile kikopo cha ujumbe kikiwa bado pale pale. Mizinga ikanyamaza.

Hata hivyo adui aliendelea kuwazunguka siku tatu nyingine. Tarehe 7 Oktoba askari mmoja, Abraham Krotoshinsky, Myahudi aliyehamia Marekani kutoka Poland, alitambaa katikati ya Wajerumani hadi akafika upande wa pili, akarudi akiwaongoza waokoaji. Kati ya wale 550, waliotoka kwenye bonde lile kwa miguu yao wenyewe walikuwa 194.

Funzo la kwanza: tuzime mizinga ya kwetu

Mpendwa, adui ni adui. Tunajua anakuja kuiba, kuchinja na kuharibu. Lakini nikuulize, jeraha lililokuuma zaidi maishani lilitoka wapi? Wengi wenu mtaniambia halikutoka kwa adui. Lilitoka kwa mtu mnayeimba naye.

Dada mmoja anasema kwenye ushirika kwamba hajalala wiki mbili, moyo unamwenda mbio, hata kupika kumemshinda. Kabla hajamaliza, mmoja anamwambia, "Hiyo ni kukosa imani." Mwingine anamwambia, "Lazima kuna dhambi hujatubu." Wa tatu anatikisa kichwa, "Hayo ni mapepo ya kwenu." Hakuna hata mmoja aliyemuuliza amekula nini leo. Na kufikia jioni habari yake iko kwenye kikundi cha WhatsApp, eti ni ombi la maombi. Hayo ndiyo makombora ya kwetu. Wanaoyapiga hawamchukii. Wanadhani wanampiga shetani, kumbe mbele ya mzinga ni dada yao.

Nisieleweke vibaya. Mimi naamini ukombozi. Naamini kwa Jina la Yesu mapepo yanatoka, na nimeyaona yakitoka. Lakini askari mwenye mzinga ni lazima ajue adui yuko wapi kabla hajapiga. Si kila anayelia ana pepo. Mwingine amechoka. Mwingine amefiwa. Mwingine ameona mambo ambayo jicho la mwanadamu halikuumbwa kuyaona. Tunao hapa ndugu waliotumwa na jeshi letu kwenda Somalia wakarudi. Tunao waliofanya kazi kwenye ajali na kwenye vyumba vya maiti. Tunao mama waliozika watoto wawili. Usipige kabla hujajua.

Kama tunakubaliana, sema amina.

Funzo la pili: jeraha linaloonekana hupata mganga

Cher Ami alipofika, madaktari wa jeshi walimshughulikia. Mtu angeweza kusema, "Huyu ni njiwa tu, tutapata mwingine." Hawakusema hivyo. Waliokoa uhai wake. Mguu haukuweza kuokolewa, na inasimuliwa kwamba walimchongea kijiguu cha mbao. Ufaransa ikampa nishani ya vita. Akasafirishwa hadi Marekani, na alipokufa tarehe 13 Juni 1919 wakamhifadhi. Hadi leo yuko katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, amesimama kwa mguu mmoja.

Sasa nikupeleke kwenye vita vingine, vile vya Korea. Oktoba 1952, Luteni Eric Pedersen wa wanamaji wa Marekani alinunua farasi jike mdogo jijini Seoul kwa dola 250. Kijana Mkorea aliyemuuza alimpenda sana mnyama yule, lakini dada yake alikuwa amepoteza mguu kwa bomu la kutegwa ardhini, na fedha zile zilikuwa za kumnunulia mguu wa bandia. Askari wakampa farasi jina la Reckless, yaani asiyejali hatari, wakamfundisha kubeba makombora.

Machi 1953 kukawa na mapigano makali kwenye kilima walichokiita Vegas. Siku moja tu, farasi yule alipanda na kushuka mara 51. Alibeba makombora 386, uzito wa zaidi ya tani nne ukiyajumlisha, na safari nyingi alizifanya peke yake bila mtu wa kumwongoza, kwa sababu alikwisha kuijua njia. Akipanda alibeba makombora, na akishuka alibeba majeruhi. Alijeruhiwa mara mbili, na hakuacha. Baadaye walimpa cheo cha Sajenti.

Lakini si cheo ninachotaka ukishike. Shika hili: katikati ya moto ule, askari walivua jaketi zao wenyewe za kujikinga na vipande vya bomu, wakamfunika farasi. Wakabaki wao bila kinga. Walijua kwamba kama huyu anayebeba akianguka, wote wamekwisha.

Niulize kanisa: nani anamfunika anayekubebea wewe? Yule mama anayeongoza maombi ya alfajiri kila siku, nani anamwombea? Yule kijana wa mitambo anayefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, amekula? Yule mzee wa kanisa ambaye kila nyumba yenye shida inapiga simu kwake, ni nani aliyempigia simu kumuuliza tu habari yake, bila kuomba kitu? Mzigo wake tunaujua. Mgongo wake hatujautazama.

Funzo la tatu: jeraha lisiloonekana

Turudi kwa Meja Whittlesey. Njiwa alipata matibabu. Meja alipata nini?

Alipata Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo nishani kubwa kuliko zote katika jeshi la Marekani. Magazeti yalimwandika. Akarudi New York kwenye kazi yake ya uwakili, lakini watu hawakumwacha. Kila mkutano ulimtaka asimame aeleze tena habari za msitu ule. Akafanya kazi na Msalaba Mwekundu. Akatembelea majeruhi hospitalini. Akahudhuria mazishi. Askari wake wa zamani walimjia na shida zao, na familia za waliokufa zilimjia na machozi yao, naye hakuwafukuza. Aliwabeba bondeni siku tano, na akaendelea kuwabeba miaka mitatu baada ya vita.

Tarehe 11 Novemba 1921, Marekani ilimzika kwa heshima askari mmoja asiyejulikana jina, pale Arlington, kuwakilisha wote waliopotea. Whittlesey alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kulisindikiza jeneza lile. Fikiria, mpendwa. Mtu aliyeacha vijana wake wengi katika msitu wa Ufaransa, anaenda na jeneza ambalo hajui ndani yake ni nani. Inawezekana ni mmoja wa wale wake.

Wiki mbili hivi baadaye alipanga mambo yake ya kazini vizuri, akapanda meli iitwayo Toloa iliyokuwa ikienda Havana. Rafiki zake hawakujua anasafiri. Usiku wa tarehe 26 Novemba alizungumza vizuri na watu melini, akaaga kwamba anaenda kulala. Asubuhi hakuonekana. Alikuwa ameacha barua kwa jamaa na rafiki zake. Alijitoa uhai baharini, na mwili wake haukupatikana. Alikuwa na miaka 37.

Najua kuna kimya kimeingia. Kikae kidogo.

Hakuwa mwoga. Wajerumani walimwandikia barua ya kumtaka ajisalimishe, na hakuwajibu. Hata vile vitambaa vyeupe walivyokuwa wametandaza ili ndege zao ziwaone, aliamuru viondolewe, adui asije akadhani ni bendera ya kusalimu amri. Mtu wa namna hiyo hatuwezi kumwita dhaifu. Alikuwa amejeruhiwa mahali ambapo bandeji haifiki, na watu walipomtazama waliona shujaa tu. Kwa shujaa, watu huja kuchukua. Ni wachache wanaofikiri kumletea.

Wengine wataniuliza, "Mchungaji, mtu wa namna hii yuko wapi leo?" Ndugu yangu, kiti cha hukumu si changu wala si chako. Mungu wa dunia yote atatenda haki, na yeye anajua uzito wa kila mzigo na urefu wa kila usiku. Mimi ninajua kwamba uhai ni wa Mungu, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuukatisha, wa kwake wala wa mwenzake. Hilo nitalihubiri hadi kufa. Lakini najua pia kuna mama katika nchi hii waliozika watoto wao jioni, haraka haraka, bila wimbo na bila maombi, kwa sababu ya namna walivyokufa. Msiba ukapigiwa aibu juu. Mimi nikiitwa kwenye nyumba kama hiyo nitakwenda. Nitasimama na mama huyo, nitaomba, na nitaimba. Na ninyi mtakuja pamoja nami.

Swali langu kwetu ni lingine. Kabla ya jeneza, tulikuwa wapi?

Mungu alivyomtendea Elia

Fungua Biblia yako 1 Wafalme 19. Huyu Elia ni nani? Sura ya 17, kando ya kijito cha Kerithi, Mungu alimlisha kwa kunguru, mkate na nyama, asubuhi na jioni. Mungu wetu alitumia ndege muda mrefu kabla ya vita vile vya Argonne. Sura ya 18, Elia anasimama mlimani Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, moto unashuka. Huo ni ushindi mkubwa! Watu wote wanaanguka kifudifudi.

Halafu sura ya 19, Yezebeli anatuma neno moja la vitisho, na yule mtu wa moto anakimbia. Angalia mstari wa tatu kwa makini. Alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake pale. Mstari wa nne, akaenda peke yake jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Nabii! Mtu aliyefufua mtoto wa mjane! Anamwambia Mungu, imetosha, niondoe.

Umeona hatua zake? Kwanza ushindi, kisha uchovu, kisha akamwacha mwenzake, kisha akabaki peke yake, ndipo akaomba kufa. Whittlesey naye alipanda meli bila kumwambia rafiki. Ukiona mtu aliyekuwa na watu ameanza kuwaacha mmoja mmoja, simu hapokei, ushirika haji, vitu vyake anagawa, usiseme amekuwa na kiburi. Mfuate.

Sasa Mungu alimfanyia nini Elia? Hapa ndipo injili ilipo. Hakumkemea. Hakumwambia, "Aibu, na wewe ulishusha moto juzi?" Alimwacha alale. Kisha akamtuma malaika amguse, na malaika hakuja na mahubiri, alikuja na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Inuka ule. Elia akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena, na safari hii akasema sababu: njia iliyo mbele ni ndefu, huiwezi. Mungu mwenyewe alikiri kwamba mzigo wa Elia ulikuwa mkubwa kuliko nguvu zake!

Usingizi, chakula, mguso. Baada ya hapo ndipo siku arobaini hadi Horebu, na ndipo Mungu alipomuuliza, unafanya nini hapa? Akamwacha aseme yote yaliyokuwa moyoni. Akamwacha aseme mara mbili, maneno yale yale. Kisha akampa vitu viwili: akamwonyesha kwamba hayuko peke yake, wako elfu saba ambao hawajampigia Baali magoti, na akampa Elisha wa kumsaidia kazi.

Haleluya! Huo ndio mfano wa hospitali ya mbinguni.

Tufanye nini wiki hii?

Nitakupa mambo matano, uyaandike.

Moja, uliza mara ya pili. Mtu akikujibu "niko sawa," ngoja kidogo, mtazame, umuulize tena, "Na kweli uko sawa?" Halafu unyamaze. Wengi hawajawahi kuulizwa mara ya pili.

Mbili, peleka chakula kabla ya ushauri. Ugali na sukuma kwenye bakuli lililofunikwa ni huduma ya malaika. Muoshee vyombo. Kaa na watoto wake alale saa tatu.

Tatu, funga mdomo. Alichokuambia dada yako, mpelekee Bwana. Usipeleke kwenye kikundi.

Nne, daktari si adui wa imani. Malaria ikikupata unakwenda hospitali na tunakuombea huko huko. Akili ikiumwa nayo ina daktari, ina dawa, ina mshauri wa kuzungumza naye. Msindikize mwenzako, mlipie nauli, mngojee nje, mrudi pamoja. Na mtu akikuambia hataki kuishi, usimwache peke yake hata dakika moja, wala usingoje Jumapili. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, utupigie simu, tutakuja hata kama ni usiku wa manane.

Tano, tuwape wabebaji wetu pumziko. Viongozi wa idara, nawaomba mtazame orodha zenu. Kama jina moja limetumika kila Jumapili tangu mwaka uanze, huyo mtu mpumzisheni mwezi mmoja, na mumwombee mbele ya watu.

Na sasa nataka niongee na wewe uliye bondeni. Wewe unayesoma hii na moyo wako unasema, "Mchungaji ananizungumzia mimi." Tuma njiwa. Sema. Huhitaji maneno mengi, hata ujumbe wa Meja ulikuwa mfupi. Sema tu, niko mahali fulani, na nimezidiwa. Pengine ulimwambia mtu mmoja akakupiga badala ya kukusaidia. Pengine mjumbe wako wa kwanza hakufika. Meja alituma njiwa wengi kabla ya yule wa mwisho, na kabla ya Krotoshinsky kuna wajumbe kadhaa waliojaribu wakashindwa. Aliyepita ni mmoja, naye alitosha. Tuma mwingine. Mwambie mke wako, mwambie mama yako, mwambie mimi. Wako elfu saba usiowajua, na wengine wao wanaketi safu yako.

Nuhu alimtuma njiwa, na njiwa alipokosa mahali pa kutua, Nuhu alinyosha mkono wake, akamshika, akamrudisha ndani ya safina. Yesu hufanya hivyo hivyo. Yeye hakuogopa majeraha. Alifufuka nayo, akamwonyesha Tomaso mikono na ubavu. Mbele ya Mwokozi mwenye makovu huna haja ya kuficha la kwako.

Tuombe. Baba, kwa Jina la Yesu, tunakuletea ndugu na dada zetu waliochoka. Wanaotabasamu mchana na kulia usiku, waone. Waliotaka kukata tamaa wiki hii, watumie malaika wako, na kama malaika huyo ni mmoja wetu, Bwana, utuamshe. Utusamehe kwa kila kombora tulilowapiga watu wetu wenyewe. Wabariki madaktari na washauri. Wafariji waliofiwa kwa njia hii nzito. Na kila mbebaji katika nyumba hii, mpe wa kumfunika. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Soma 1 Wafalme 19:3-8. Kwa nini Mungu alimlisha Elia kwanza, ndipo akazungumza naye baadaye?

2. Tunasema maneno gani katika kanisa letu ambayo humpiga mtu aliyekwisha kujeruhiwa? Tungesema nini badala yake?

3. Taja mtu mmoja ambaye wengi humtegemea. Utamfanyia nini kabla ya Jumapili ijayo, bila yeye kukuomba?

4. Kama ungekuwa bondeni leo, ungemtumia nani njiwa? Kama huna jina la kutaja, zungumza na kiongozi wako wa ushirika kabla hujaenda nyumbani.